Weusi wa Chini ya Karai

Kijana mnunuzi wa vyuma chakavu aliingia uani kwangu juzi bila hodi ya maana, akaliona karai langu limeegemea ukuta wa jiko, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayepima tikiti. Akalivuta kidogo, akachungulia upande wake wa chini. Akasema, "Bibi, hili lilitoboka, ona, limepigwa ribiti. Halafu masizi yote haya. Bei itashuka."

"Nani amekuambia linauzwa?"

"Siku hizi kila kitu kinauzwa, bibi."

"Basi uza suruali yako, urudi nyumbani."

Akacheka, akaenda zake. Lakini alikuwa ameshachota masizi kwa kidole, na kidole hicho akakifuta kwenye ukuta wangu, ukuta niliousimamia tofali kwa tofali. Nikachukua kitambaa nikafute. Hapo harufu ikanipata. Masizi ya kuni yana harufu yake, na masizi ya karai lile yana ya ziada: moshi uliolala miaka, na ndani yake utamu ulioungua. Sikufuta tena. Nilivuta kigoda nikakaa.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na sioni aibu kusema. Kila nilicho nacho nimekipata kwa kupika. Harusi, misiba, vipaimara, kambi za wageni wanaokwenda kuangalia wanyama Ngorongoro, wote hao nimewapikia, na watoto wangu wamesoma kwa moshi huo huo. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kutawala moto. Nilijifunzia chini ya karai. Si mbele yake, si juu yake. Chini.

Wenzangu wa umri wangu mtakumbuka sukari ilivyopotea madukani. Unafika dukani unakuta rafu zimebaki na viberiti na vumbi letu jekundu la Karatu. Watu walikunywa chai kwa chumvi, na mgeni akija unamwangalia kwanza usoni kama anastahili kijiko kimoja. Miaka ile ndiyo bibi yangu mzaa baba alipopata jina huku kwetu Qurus. Sisi Wairaqw bibi tunamwita Ama. Ama alikuwa na shamba la miwa bondeni, palipo na chemchemi, na alikuwa anapika sukari guru.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miwa inakatwa, inapitishwa kwenye kinu cha magogo mawili yaliyosimama, maksai wawili wanazunguka wakiyasukuma, maji ya muwa yanachuruzika kwenye mtungi. Yanamwagwa kwenye karai. Karai lilikuwa la mapipa mawili ya lami yaliyopasuliwa na kuungwa, refu kama kitanda, limekaa juu ya tanuri iliyochimbwa kwenye ukingo wa bonde. Unapika kutwa nzima, unaengua povu, unakoroga, mpaka yale maji yawe mazito kama uji, ndipo unayamimina kwenye viboksi vya mbao. Kesho yake unabomoa sukari kama matofali.

Wakubwa walikuwa juu, kwenye mvuke mtamu. Mimi nilikuwa chini. Mama yangu alikuwa anazaa mfululizo, nyumba imejaa, nikapelekwa kwa Ama, na Ama akanipa kazi mbili. Kazi ya kwanza, kujaza kuni kwenye tanuri. Niliifanya kwa sifa. Nilishindilia kuni mpaka mdomo wa tanuri ukafumba, moshi ukatoka pembeni, nikajiona mwanamke kamili. Kazi ya pili ilikuwa ya jioni. Karai likipoa, wanaume wawili wanalisimamisha ubavu, mimi nakwangua masizi ya chini.

Nilikwangua kwa kipande cha jembe bovu. Masizi yalikuwa ya aina mbili. Ya juu laini, yanaruka ukiyapumulia, yanakuingia puani na kope zinakuwa nzito. Ya chini yake yameshikana, yanang'aa kama mgongo wa mende, yanabanduka kwa magamba. Nikimaliza kukwangua nasugua kwa mchanga na majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Halafu Ama mwenyewe anakuja na bakuli la udongo wa kijivu wa mtoni, ameuchanganya na majivu, anaupaka chini ya karai lote, taratibu, kwa kiganja, kama unavyompaka mtoto mafuta. Hapo haruhusiwi mtu mwingine kugusa.

Sasa mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nikatazama ile kazi siku nyingi, nikaona kuna jambo halikai sawa. Moto ni mwekundu. Kuni ni za kahawia. Majivu ni meupe. Huo weusi unatoka wapi?

Nikamwuliza Ama. Alikuwa ameinama anaengua povu. Akasema, "Unatoka kwako wewe unayeuliza. Jaza kuni."

Nikamwuliza Mama Paulo, jirani yetu, mwanamke mwenye maneno makali kuliko pilipili. Akasema, "Unatoka kwenye dhambi za bibi yako, ndiyo maana haziishi." Wanawake wakaangua kicheko. Ama naye akacheka, akamrushia povu.

Basi nikatafuta jibu mwenyewe. Na nililipata, jibu zuri sana. Niliona maji ya muwa asubuhi yanaingia machafu, rangi ya maji ya dimbwi. Kadiri yanavyochemka yanasafika, yanakuwa mekundu, yanang'aa. Na kadiri yanavyosafika juu, ndivyo weusi unavyoongezeka chini. Kitu kikitoka hapa na kikaonekana pale, si ni kile kile? Kumbe karai linatoa jasho! Uchafu wa muwa unapenya kwenye chuma, unatokea upande wa pili kama jasho jeusi. Tena nilikuwa na ushahidi: mimi mwenyewe nikikaa karibu na moto natoka jasho, na nikijifuta, kitambaa kinakuwa cheusi.

Msicheke. Nimeona watu wazima wenye vyeti wakishikilia mambo yenye ushahidi mdogo kuliko huo.

Mambo yangeishia hapo kama sukari isingeharibika. Msimu ule tulipika mara mbili, na mara zote mbili sukari ikagoma kushika. Ikabaki laini, nyeusi, inanata kama lami, ina ukakasi. Watu waliokuja na vikapu wakaondoka na vikapu. Mtoto wa kwanza wa Ama, baba yangu mkubwa Bura, akaja kusimama mbele ya tanuri, mikono nyuma.

"Mama, hii kazi imekushinda. Nipe karai, nikalifanye birika la kunyweshea ng'ombe."

"Karai litaondoka hapa siku litakaposhindwa kutoa sukari," Ama alisema.

"Limeshindwa mara mbili."

"Nina miwa ya mpiko mmoja. Nipe hiyo."

Baba mkubwa akatazama juu kama anayehesabu mawingu. "Haya. Jumamosi nakuja na mkokoteni. Nikikuta sukari, nageuza. Nikikuta lami, napakia. Na huyu mtoto naye aje kwangu akachunge ndama. Bila karai, hapa atakuwa anafanya nini?"

Mimi na ndama wa baba mkubwa tulikuwa tunajuana. Nilishapelekwa kule mara moja, nikalala na baridi ya ule ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na hakuna aliyeongea nami isipokuwa kunituma. Kwa Ama nilikuwa na kazi yenye jina. Nikaamua karai haliondoki.

Nikakaa kufikiri, nikamkuta mkosaji. Udongo! Ama anapaka udongo chini ya karai lote, anaziba kila kitundu cha jasho. Uchafu utatokea wapi? Si utarudi kwenye sukari? Ndiyo maana imekuwa nyeusi! Nilishangaa mtu mzima kama yule hakuliona jambo la wazi vile. Nikamhurumia.

Alhamisi alfajiri maksai wakaletwa, miwa ikakatwa na kukamuliwa hapo hapo. Karai lilikuwa limesimama ubavu, limepakwa udongo tangu jana yake. Wakubwa wote wako kwenye kinu. Nikachukua kipande changu cha jembe, nikaenda nyuma ya karai, nikabandua udongo wote. Nikasugua kwa mchanga mpaka nikaanza kuona uso wangu. Pale yalipoungwa mapipa mawili palikuwa na kidonge kigumu, kama kigaga cha kidonda. Nikasema, hiki ndicho kizibo kikuu. Nikakichokoa kwa ncha ya jembe mpaka kikatoka.

Wanaume wakaja, wakalilaza karai juu ya tanuri bila kutazama chini. Nani anatazama chini ya karai isipokuwa mtoto anayelikwangua? Wakamimina. Nikawasha, nikashindilia kuni, nikalala kifudifudi kwenye mdomo wa tanuri nikisubiri.

Mwanzoni hakuna kitu, moto unalamba chuma tupu. Halafu pale kwenye kiungo nikaona tone. Likaning'inia, likavimba, likaanguka motoni, tsss. Likaja la pili. La tatu. Moyo wangu uliruka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku niliyoweka bati kwenye nyumba yangu. Nikatoka mbio nikipiga kelele, "Ama! Ama! Linatoa jasho! Nililijua!"

Mama Paulo akauliza, "Nini kinatoa jasho?"

"Karai! Sukari itakuwa nyeupe!"

Ama aliacha upawa ukaanguka. Aliinama kwenye tanuri, akaangalia, na wakati huo lile tone lilikuwa limeshakuwa uzi, na uzi unanenepa, na moto upande ule unakufa huku ukilia. Harufu ya sukari iliyoungua ikajaa bonde zima. Ndiyo ile harufu niliyoisikia juzi.

Hakunipiga. Hakuniangalia hata. Alisimama wima akapaza sauti ambayo sikujua anayo: "Leteni masufuria! Kila mwenye sufuria! Mitungi, ndoo, leteni!" Mama Paulo akaipokea sauti ile akaipeleka mlimani, mtu mwingine akaipokea huko. Kabla maji hayajashuka hadi nusu ya karai, wanawake walikuwa wanateremka bondeni na masufuria kichwani, wengine yakiwa bado na ugali wa jana pembeni. Tukachota kwa vibuyu. Yakawekwa mafiga kila mahali, matatu matatu, miwa ya Ama ikagawanyika kwenye mioto kumi na kitu. Na nikaona jambo lililonisimamisha. Kila mwanamke, kabla ya kuweka sufuria lake motoni, aliinama, akachota udongo na maji, akapaka chini. Kila mmoja. Wala hawakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Tulipika mpaka jua likaegemea. Mioto ya mafiga ilikuwa midogo, kuni tatu tatu tu, wala moshi hakuna. Wakamimina kwenye viboksi, kila mtu sufuria lake. Hakuna aliyejua itakuwaje, kwa sababu sukari hailazimishwi, inashika au haishiki.

Jioni, watu walipoondoka, Ama akaniita. Nikaenda nikijua nakwenda kuchapwa.

"Niambie kwa nini."

Nikamwambia yote. Jasho, vitundu, uchafu unaotokea chini. Mama Paulo, ambaye alibaki kuosha sufuria lake, alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana shamba wetu huyu! Mpelekeni Arusha akafundishe!" Ama hakucheka. Alinishika mkono wa kulia, akaupaka udongo mwepesi wa mtoni mpaka kwenye kifundo, akauacha ukauke. Mkono wa kushoto hakuupaka kitu. Akasema, "Ichovye yote miwili kwenye masizi." Nikaichovya, nikaisugua. "Sasa nawa." Mkono wa kulia ulitoka kama wa mtoto mchanga, masizi yaliondoka pamoja na udongo. Wa kushoto ulibaki mweusi, nikasugua, nikasugua.

"Udongo hauzuii kitu kutoka," alisema. "Unampokea huyo anayekuja kutoka nje. Masizi yakishika kwenye chuma chenyewe, moto unachelewa kufika kwenye sukari, na mimi namaliza msitu wa watu. Yakishika kwenye udongo, naosha. Na kile kigaga ulichobandua ni tundu nililoziba mwenyewe, bila kumwambia mtu."

"Sasa hayo masizi yanatoka wapi, Ama?"

Akaangalia tanuri.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Nimepika toka nikiwa msichana, sijui. Ukiniuliza nakufukuza kwa sababu sijui." Halafu akacheka kidogo, peke yake. "Jasho! Angalau wewe ulitafuta."

Ninawaambia ukweli, hakuna mwalimu aliyewahi kunipa kitu kikubwa kama kile. Mtu mzima, tena bibi yangu, kuniambia sijui.

Asubuhi tukabomoa viboksi. Sukari ilikuwa imeshika. Nyekundu, ngumu, ukiigonga inalia. Wanawake walikuja kuitazama kama mtoto mchanga. Mimi nikajivuna, nikasema kumbe udongo ndio uliokuwa unaiharibu. Ama akaniziba mdomo kwa kipande cha sukari. "Onja. Ni miwa iliyokamuliwa siku ile ile ilipokatwa. Mara mbili zile miwa ililala siku mbili shambani, ikachacha. Maksai walikuwa wapi?"

Maksai walikuwa wa baba mkubwa Bura. Mara mbili zote alikuwa amewazuia, analima shamba lake la ngano. Alhamisi aliwaleta mapema kwa sababu alitaka mambo yaishe, apate birika lake.

Jumamosi akaja, na mkokoteni wa punda. Nilijificha nyuma ya ghala la mahindi na mkono wangu mweusi, maana ulikuwa bado mweusi. Ama alikuwa amekaa juu ya kigoda, karai limesimama ubavu, na hakuna aliyeruhusiwa kuliziba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chukua karai."

Baba mkubwa akashtuka. Nadhani alikuja na maneno mengi, sasa yakakosa kazi. "Sukari haikushika?"

"Imeshika, iko ndani, utakula. Lakini imepikwa kwa masufuria ya watu. Karai limeshindwa. Nilikuambia litaondoka siku litakaposhindwa, na mimi nikisema nimesema. Pakia."

Akalishika ukingo, akaliinamisha aone uzito wake. Jua la saa nne lilipita kwenye kiungo, likamchoma jichoni. Akapeleka kidole kwenye tundu. Kidole kikaingia.

"Hili limetoboka."

"Limetoboka."

"Ng'ombe watakunywaje?"

"Haraka haraka," Mama Paulo alijibu kutoka kwenye ua wake.

Wanawake wote wa bonde walikuwa, kwa bahati tu, wana kazi karibu na ua ule asubuhi ile. Kicheko kilichotoka pale kilimshtua punda. Baba mkubwa alikuwa mbahili, kila mtu alijua, na fundi wa mjini hafanyi kazi bure. Alisimama akilitazama karai, akaliachia.

Ama akamletea chai, na kijiko juu yake, sukari mpya. Alipokunywa nusu, akamwuliza kwa upole, "Bura, mwanangu. Maksai wako msimu ujao watafika siku miwa inapokatwa, au watafika ikishachacha?"

Alinywa mpaka mwisho. Akasema, "Watafika."

Akageuza mkokoteni ukiwa mtupu. Akapita karibu na ghala, akaniona. "Wewe ndiye uliyelitoboa?"

Nikaficha mkono. "Ndiyo, baba mkubwa."

Alitikisa kichwa akaenda zake, na habari ya ndama sikuisikia tena. Wiki iliyofuata fundi mmoja wa Karatu mjini, Mzee Salimu, alikuja na nyundo yake akapiga ribiti pale kwenye kiungo. Alilipwa matofali ya sukari na alirudi nayo akiwa ameyakumbatia. Ndiyo ribiti hiyo hiyo aliyoidharau kijana wa vyuma chakavu.

Ama alikufa karai likiwa bado linafanya kazi. Likanijia mimi, hakuna aliyebisha.

Sasa juzi ile ile jioni, mjukuu wangu anayesoma sayansi alikuja kunisalimia, akanikuta nimekaa mbele ya karai nikiwa na kitambaa. Nikamwuliza swali langu la zamani. Nilishawahi kutaka kuwauliza wengi, lakini mtu mwenye umri wangu na wafanyakazi wake haulizi mambo ya masizi. Yeye hakucheka. Alisema, "Bibi, ni kuni yenyewe. Kuni ikikosa hewa ya kutosha haiungui yote. Ile iliyoshindwa kuungua inapanda na moshi, inaganda kwenye chuma. Ukitia kuni chache, hewa ikapita, masizi yanakuwa kidogo sana."

Nikayagusa masizi ya karai kwa kidole. Nilikuwa namwona mtoto mmoja mbele ya tanuri, anashindilia kuni mpaka mdomo unafumba, kwa sifa, halafu jioni anakwangua masizi na kuuliza dunia nzima yanatoka wapi. Na juu yake mwanamke ameinama kwenye mvuke, anajibu bila kujua kwamba anajibu: unatoka kwako wewe unayeuliza.